Bomba Lililomwacha Melania

Katika miaka ambayo mapigano ya Burundi yalileta wakimbizi Kigoma kila juma, Anatoli Leonardi, mzaliwa wa kijiji cha Kidahwe, alijulikana Ujiji kwa mambo mawili: ufundi wa umeme alioupata bandarini, na utani usiokoma. Wateja wake walikuwa wenye nyumba kongwe, ambazo nyaya zake zilitandazwa kabla ya Uhuru na hazikuguswa tena.

Asubuhi moja ya mwaka 1996 alifuatwa kwenye mwalo wa Katonga na Melania Bucumi, mkimbizi aliyeuza dagaa pale na kupanga chumba kwa Bi Mwanvua, mjane wa Mzee Tambwe.

"Fundi, njoo utazame bafu letu. Ijumaa nafukuzwa."

"Umevunja ndoo?"

"Wanasema mimi ni mchawi."

Anatoli alicheka, kisha akaacha, kwa kuwa mwanamke yule hakucheka. Alieleza kwamba tangu alipohamia, miezi sita nyuma, bomba la chuma lishukalo ukutani kutoka kwenye pipa la maji huwashika watu wanapotawadha. Mzee Tambwe alikutwa chini yake adhuhuri moja, amekufa, maji yangali yakimtiririkia usoni. Baada ya arobaini, ukuta ulianza kunguruma kwa sauti ndogo, mithili ya mtu asomaye chini kwa chini. Kisomo kilisomwa, ubani ukachomwa, ukuta haukunyamaza. Na katika nyumba nzima ni mtu mmoja tu ambaye bomba halikuwahi kumshika: Melania. Hakuwa na kibali cha kukaa mjini. Akitolewa nyumba ile angerudishwa kambini, mahali alipomzika mwanawe.

Anatoli alifunga mfuko wake wa vyombo bila utani. Kisha akasema atakuja.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," alimwamkia Bi Mwanvua mlangoni.

"Marahaba. Umekuja na tasbihi au na nyundo?"

"Na koleo, mama. Mimi ni Mkristo, majini wa Ujiji hawanielewi."

Sanduku la umeme lilikuwa na fyuzi za kauri, ambazo huyeyuka pale tu umeme unapozidi kipimo. Ule unaovuja kidogo kupitia mwili wa mtu haziutambui. Kando yake alifunga swichi ya namna mpya, ambayo hulinganisha umeme unaotoka na ule unaorudi. Ukipungua njiani kwa kupenya ardhini, hujikata kabla moyo wa mtu haujasimama. Alibonyeza kitufe cha kujaribia, ikajikata. Akairudisha, akaingia bafuni na kuligusa bomba kwa bisibisi yake ya kupimia. Kitaa kilichomo ndani yake kikawaka, chekundu, kama jicho lililofumbuliwa.

"Ni umeme huu. Waya umeoza ukutani."

"Umeme huchagua?" akadakia Bi Mwanvua, akimnyooshea Melania kidole. "Mimi umenishika, majirani umewashika. Huyu humpisha kama bibi yake!"

Anatoli alitazama miguu ya Melania. Wakati wa kipindupindu kambini, waliamriwa wasikanyage sakafu ya choo bila viatu, na tangu hapo hakuvua kandambili zake za mpira bafuni. Wenye nyumba, waoshao miguu kwa ajili ya sala, walisimama peku juu ya saruji iliyolowa.

"Ni mpira huo unaomkinga," akasema.

"Basi avue."

"Hapana, mama, nitagusa mimi."

Melania alikwisha vua. Alikanyaga maji, akaweka kiganja juu ya chuma.

Sandukuni kukasikika mlio mmoja mkavu. Redio ya sebuleni ikakatika katikati ya neno, na ukuta ukanyamaza. Majirani waliokuwa wakiisikia redio walitoka nje kutazama.

"Limenishika," Melania alisema taratibu. "Mama, na mimi limenishika."

Bi Mwanvua aliketi kizingitini. "Limekushika leo. Lakini kabla hujaja, bomba lilikuwa salama. Uliingia nalo wewe."

Swichi ilikwisha fungwa, na fundi angeweza kukusanya vyombo akaenda zake. Anatoli alivua kofia.

"Halikuwa salama, Bi Mkubwa. Mwaka jana, kabla huyu hajahamia, marehemu alinisimamisha sokoni. Aliniambia bomba linamtekenya. Nikamjibu, 'Mzee, huo ni uzee unabisha hodi.' Tukacheka wote wawili. Sikuja kutazama."

Mjane alimkazia macho.

"Melania," akasema hatimaye, "Ijumaa huendi popote. Mtu akikuuliza, mwambie uko kwako." Kisha akamgeukia fundi. "Vunja ukuta. Nataka kumwona aliyekuwa akinisomea humo."

Umeme ukiwa bado umekatwa, Anatoli alipiga nyundo. Udongo uliporomoka, ukatokea waya mweusi ambao mpira wake ulikuwa umeliwa, shaba ikimetameta tupu, imelala juu ya bomba. Bi Mwanvua aliinama na kuuangalia kwa karibu mno, kama atazamaye uso, naye fundi hakuthubutu kumwambia arudi nyuma.