Mvukishaji wa Saa Kumi na Mbili

Dada yangu alinipa kazi moja tu kabla ya kupanda boti la kwenda Basoko: kumvusha binti yake asubuhi ya mtihani.

"Nimekwisha kuongea na papa wa pirogi," aliniambia huku akijifunga kitambaa kichwani. "Anamuwekea nafasi. Wewe umufikishe tu kwenye maji. Usivumbue kitu."

Ananijua. Niliacha shule mapema, na tangu hapo nimekaa Buta, Isiro, Bunia, kila mahali miezi michache, nikichungulia kazi za watu mpaka nizielewe, kisha nikiondoka. Mwaka ule nilikuwa nalala kwake Lubunga, ng'ambo ya mto. Mpwa wangu alikuwa mtoto wa kwanza katika ukoo wetu kufika mwisho wa sekondari, na kituo chake cha mtihani wa taifa, ule tunaouita egzeta, kilikuwa mjini, upande wa pili. Lango lilifungwa saa moja kamili. Ukilikuta limefungwa, unarudi nyumbani kungoja mwaka mzima.

Papa wa pirogi, yaani mzee wa mtumbwi wa kuvusha watu, alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, mdomo mkali. Wavukishaji wengine husubiri mtumbwi ujae, hata kama wa kwanza kuingia amekwisha kusinzia. Yeye aliondoka saa kumi na mbili kamili, wawe watu ishirini au watatu. Lakini hakukata mto moja kwa moja. Alipanda kwanza juu, akiufuata ukingo kwa kafi, pole pole, dakika kumi na tano au zaidi, ndipo anageuza pua kuelekea mjini na kuacha maji yamsaidie kushuka. Wateja walimtania kwa mji ulio mbali huko juu ya mto: "Papa, unatupeleka Ubundu?" Naye: "Mwenye haraka aogelee."

Mimi niliona anapoteza muda. Na mchana wa kuamkia mtihani nilikuta jambo jipya ufukweni: kanoti, boti dogo la injini, na mwenyewe ameifungua kabureta juu ya gunia. Nilichuchumaa pale mpaka jua likazama. Nilimshikia spana, nikauliza kila kitu, akanieleza kila kitu. Tulipoifunga na kuiwasha ikanguruma vizuri kabisa.

"Kesho saa kumi na mbili na robo tunaondoka," akasema. "Dakika tano, mko mjini."

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya mto, mtu haoni mwisho wa kafi lake. Papa alikuwa tayari, mguu mmoja majini.

"Mutoto, ingia. Nafasi yako iko hapa mbele."

"Papa, leo tunapanda mota," nikasema.

Mpwa wangu, ambaye huniita tonton, yaani mjomba, alinivuta shati. "Tonton, mama alisema twende na papa."

"Mama yako hajaiona mota hii."

Papa akaitazama kanoti, akanitazama mimi. "Iko nzuri?"

"Nzuri. Nimeiona mpaka ndani."

"Umeiona ndani. Bon, sawa. Na mto, umeuona ndani?"

Wanawake waliokuwa wamekaa na mabeseni yao wakacheka. Mmoja, mwenye beseni kubwa la sombe, majani ya muhogo yaliyofungwa mafungumafungu, akapiga makofi. Papa hakucheka. Alimtazama mtoto, akasukuma mtumbwi, akapotea kwenye ukungu akiufuata ukingo kama kawaida yake.

Sisi tuliondoka saa kumi na mbili na robo, kama tulivyoahidiwa. Tulikuwa watu watano. Upepo ulitupiga usoni, nikamgeukia mpwa wangu nicheke, ndipo injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazimika.

Mwenyewe akavuta kamba. Akavuta mara kumi, mara ishirini. Akafungua tangi, akatia kidole, akanusa. Yalikuwa mafuta ya chupa, aliyonunua barabarani alfajiri ile. "Yana maji," akasema, akafuta kidole kwenye suruali.

Hakukuwa na kafi ndani ya kanoti. Hilo sikuwa nimeliuliza. Katika maswali yangu yote ya mchana kutwa, hilo sikuuliza.

Mto hautoi sauti unapokubeba. Unajua tu kwa vitu vingine. Kelele za bandari zilikuwa mbele yetu, zikahamia kuume, zikaanza kufifia. Mpwa wangu alikuwa amekumbatia bahasha ya plastiki yenye kalamu na kadi yake ya shule. Viatu vyake vyeusi alivivua visilowe, alivishika mkononi.

"Tonton, ni saa ngapi?"

"Kumi na mbili na dakika ishirini na tano."

Nikapiga kelele. Wote tukapiga kelele. Ukungu ukazimeza.

"Tonton, ni saa ngapi?"

Nilianza kupiga maji kwa mikono yangu miwili kama kichaa, na mfanyabiashara mmoja wa nguo akaniambia niache, nitaipindua kanoti.

Kisha sauti ikatoka kwenye ukungu, upande wa juu wa mto, si mbali.

"Eh! Nyinyi watu wa dakika tano!"

Nyuma ya sauti ile kulikuwa na nyingine nyingi, za hasira. Walikuwa wanagombana hata kabla hatujawaona.

"Papa, sombe yangu itanyauka! Umetushusha mpaka wapi?"

"Nani amekutuma kugeuza? Waache, wana mota!"

"Muongee tu," papa alikuwa akisema, akipiga kafi. "Mutaongea mpaka mjini."

Mtumbwi ukatokea, umejaa, ukingo wake umeachana na maji kwa upana wa kiganja tu. Papa akashika kanoti yetu kwa mkono mmoja.

"Mutoto peke yake."

"Na mimi, papa?" Nilisema hivyo. Naona haya kuandika, lakini nilisema.

"Wewe kaa na mota yako. Mumalize masomo."

Wale waliokuwa wakimtukana sasa hivi wakacheka. Mpwa wangu akanyanyua mguu, mtumbwi ukainama, maji yakaingia, wanawake wakapiga yowe. Mama wa sombe akamdaka kiunoni na kumkalisha kati ya magoti yake kwa nguvu, kama mtu anayepakia mzigo. Kiatu kimoja kilidondoka. Nilikiona kikielea kidogo, kisha sikukiona. Papa alikwisha kutuachia. Saa yangu ilionyesha kumi na mbili na dakika thelathini na saba, na mbele yangu hapakuwa na kitu ila weupe.

Tulishika majani ya ukingo wa kulia muda mrefu baadaye, mjini kukiwa mbali nyuma yetu. Niliwaacha wenzangu na injini yao, nikaanza kutembea kurudi. Mimi si mtu wa kuogopa njia, lakini njia ile niliiogopa, kwa sababu mwisho wake kulikuwa na lango. Nilihesabu. Dakika ngapi kufika nchi kavu kutoka pale walipomchukua? Dakika ngapi kwa miguu? Kila nilipohesabu nilipata saa moja na kitu. Na kiatu kimoja.

Nilifika saa tano. Lango limefungwa, mlinzi amekaa kwenye kiti.

"Ndugu, kuna msichana wa Lubunga..."

"Hapa hatuongei. Watu wako kwenye mtihani."

"Nataka kujua tu kama aliingia."

"Nimesema hatuongei."

Nikakaa kwenye mtaro ng'ambo ya barabara. Simu ikalia. Dada yangu, kutoka Basoko.

"Amefika?"

"Niko kwenye lango," nikasema.

"Sikukuuliza wewe uko wapi."

Mtandao ukakatika. Hapana, niseme kweli: niliukata mimi.

Nimeona mafundi wengi, na daima nimewapenda wale wenye kitu cha kufungua na kunionyesha. Mtu ambaye kila siku anafanya jambo lile lile, kwa saa ile ile, nilimpita kama mtu anavyopita ukuta. Nilikuwa nimevuka na yule papa labda mara hamsini. Sikuwahi kumuuliza swali hata moja.

Lango lilifunguliwa mchana. Walitoka kwa makundi, mashati meupe, wakipigana mabega na kulinganisha majibu. Nilisimama. Kundi la kwanza, hayupo. La pili, hayupo. Alitoka karibu na mwisho, akiburuta miguu ndani ya viatu vya plastiki vyeusi, vikubwa, si vyake.

"Tonton, nina njaa," akasema.

Nilimnunulia ndizi za kukaanga, akanisimulia mdomo umejaa. Walipofika nchi kavu, mama wa sombe alimshika mkono wakakimbia pamoja. Upande mmoja wa lango ulikuwa umekwisha kufungwa. Mlinzi akaonyesha miguu yake: bila viatu haingii. Mama akavua vyake pale pale, akavisukuma kwa mguu, akamwambia mlinzi, "Haya, sema kingine." Mlinzi akampisha.

"Na sombe yake?"

"Alimwachia papa. Papa alibaki anaiuza, anapiga kelele kama mama wa soko." Akacheka mpaka akakabwa na ndizi. Kisha akafuta midomo. "Unajua alitupataje? Mama wa sombe aliniambia. Sisi tulipoondoka, papa aliwanyamazisha wote. Alisema wataongea mota ikifika ng'ambo. Alikuwa anaisikiliza. Iliponyamaza katikati, akageuza."

Nilielewa hapo. Kwa kuwa alikuwa amepanda juu, maji yaliyotubeba sisi yalimleta na yeye kwetu. Angekata moja kwa moja kama mimi nilivyotaka, angekuwa chini yetu au mbele yetu, na hakuna mkono wa mtu unaoweza kupandisha mtumbwi uliojaa katikati ya mto ule.

Nilimpigia dada yangu nikamwambia yote, hata yale mafuta, hata lile neno langu la "na mimi". "Na kesho?" akauliza. Mtihani ni siku nne.

Kesho yake tulikuwa ufukweni kabla ya papa. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha. Alifika na kafi begani, nikafungua mdomo.

"Maji yameingia," akasema, akanitupia kopo. "Toa."

Nikaingia, nikainama, nikaanza kutoa maji. Mama wa sombe akapanda na beseni lake, viatu vyake miguuni. "Tonton wa mota! Leo umepata injini ya mkono?" Wakacheka wote, na mpwa wangu naye, bahasha kifuani.

"Papa," nikasema bila kuinuka. "Jana watu walikukatalia. Mbona uligeuza?"

Alikuwa anamwelekeza mtoto mahali pa kukaa, pale mbele.

"Mama yake aliniambia siku ine," akasema. "Jana ilikuwa ya kwanza."

Tulikuwa watu saba tu. Mwanamume mmoja alikuwa anateremka mbio kutoka juu, akipunga mkono, na nyuma yake wengine wawili. Papa alitazama juu mara moja, akawapigia kelele wakimbie, na saa kumi na mbili kamili akasukuma. Mmoja aliwahi. Mimi nilikuwa bado natoa maji.