Walivyoniambia Nifiche Kikohozi

Nimesimama, na sikai mpaka nimalize. Mzee Yohana, wewe ndiye mzee wetu wa kanisa, nakuomba usitoke nje. Mmenipa nafasi nimshukuru Mungu, na nitamshukuru, ila kwa namna mambo yalivyokuwa.

Wengi mnanijua. Mie Mama Neema wa kiwanda cha nguo, nakaa huku huku Temeke. Kabla sijaugua nilikuwa na nguvu zangu. Nikitoka shifti ya asubuhi napanga foleni ya unga duka la ushirika, nikifika nyumbani nakuta mtu mlangoni: huyu mtoto wake ana degedege, yule tumbo linamsokota. Naweka mikono, naomba. Wengine walipona. Mkasema nina karama ya kuponya, nami niliipenda, sioni haya kusema.

Kikohozi kilianza wakati wa masika. Nikadhani ni vumbi la pamba. Ikaja homa ya jioni, kisha jasho, nikiamka shuka naikamua. Nikakonda, sketi ya kazini nikawa naifunga kwa kamba. Siku moja nikatema damu kwenye leso, damu mbichi yenye mapovu.

Nikampelekea Mzee Yohana ile leso. Mnajua aliniambia nini?

"Mama Neema, ikunje hiyo. Ukionekana unaumwa, nani atakuja kuombewa tena? Watasema karama yenyewe ya uongo. Wewe omba, usiende kupanga foleni hospitali watu wakakuona."

"Mzee, hata ngazi za kiwandani zinanishinda."

"Imani, mama."

Hasira yangu iko hapo. Kila Jumapili mliniita mbele. Naweka mikono juu ya vichwa vya watoto wenu, na ninawakoholea! Wazee wote wa kanisa wamekaa benchi la mbele, wanajua. Mlikuwa mnailinda karama, na mwenye karama mapafu yanamuoza.

Aliyenitoa ni jirani yangu Bi Mwajuma, balozi wetu wa nyumba kumi. Yeye ni Muislamu, humu haingii. Alinikuta uani nimeinamia ndoo. Akaitazama ndoo, akanitazama mie.

"Shoga, vaa twende."

"Wapi?"

"Hospitali, wapi tena? Au unangoja tukubebe?"

Eksirei ikaonyesha pafu la kushoto lina tundu. Ni kifua kikuu. Daktari akaniuliza kwa upole, "Mama, ulikuwa wapi siku zote hizi?" Nililia kwa hasira. Nilikuwa kanisani.

Nililazwa miezi. Sindano za matakoni mpaka kukaa siwezi, masikio yanavuma, vidonge vinanichefua. Bi Mwajuma ndiye aliyeniletea uji. Wazee wa kanisa hamkuja hata mmoja, maana mngeonekana.

Kwenye kitanda cha pembeni yangu alilala msichana kutoka Goba. Alichoka na vidonge, akawa anavificha chini ya godoro. Nikamshika mkono, tukaomba, halafu nikakaa naye mpaka akameza. Tukafanya hivyo kila asubuhi. Aliruhusiwa kabla yangu, anatembea mwenyewe. Sijawahi kuiona karama yangu ikizaa vile.

Sasa nimepona. Makohozi yamepimwa, ni safi. Ee Mungu, asante, kwa moyo wangu wote. Bi Mwajuma naye nimemshukuru kwa mdomo wangu.

Juzi Mzee Yohana kaja nyumbani. "Jumapili ushuhudie," akasema, "ila habari ya sindano iache. Sema uliombewa ukapona." Mzee, unanisikia mwenyewe, nimekataa. Sindano zile nazo Mungu ndiye aliyenipa, na simwibii sifa yake.

Ndugu zangu, mwenye karama aitumie. Kuimba, kufundisha, kuombea, kupika uji wa mgonjwa, usiikalie. Lakini usikubali wakufanye sanamu isiyougua. Ukiumwa, sema naumwa, uende ukatibiwe.

Nimemaliza. Wewe binti wa benchi la tatu, mwenye khanga ya kijani, nakusikia unakohoa tangu wimbo wa kwanza. Hiyo leso usiikunje. Njoo nikuwekee mikono tuombe, na kesho asubuhi nakupitia twende hospitali. Mzee Yohana, wewe utatusindikiza. Utapanga foleni pamoja nasi, watu wakuone.