Alijifungua Nini?

Wifi yangu, mjane wa kaka yangu, anashona sare za shule, na ni mwoga tangu nimjue. Radi ikipiga anatamani kuzima hata redio ya jirani. Lakini usimdharau: kati ya pindo na pindo, mguu ukiwa kwenye pedeli, ametunga kitabu kizima. Kinamhusu dereva wa lori anayesafiri peke yake. Kurasa nyingi anaitwa dereva tu; unamwona akibadili tairi, akigombana na watu wa mizani ya barabarani, akitukana mvua. Halafu katikati ya safari anaegesha lori na kujifungua mtoto wa kike. Nilipofika hapo niliangusha kikombe, na wifi alinicheka mpaka akashika mbavu.

Basi akampata wakala wa waandishi. Tuseme wakala ndiye aliyempata yeye, na hapo ndipo hofu iliponiingia. Alipiga simu akisema wachapishaji wakubwa wanamsubiri, kitabu ni dhahabu, asimwambie mtu. Ila kwanza atume picha ya kitambulisho, halafu alipe ada ya kusajili mswada, mwisho leo jioni. Picha alishatuma, na mswada pia. Cha kuuza hakuwa nacho, isipokuwa cherehani inayolisha wanawe.

"Wifi, hata dalali wa nyumba anangoja upange kwanza ndipo adai chake," nikamwambia. "Wakala wa kweli anakula kitabu kikishauzwa. Huyu mbona anakula kabla sufuria haijapanda jikoni?"

"Wewe nawe! Nafasi ikienda kwa mwingine, kwa umri huu nitaitwa tena na nani?"

Aliogopa kumkosa yule mtu kuliko alivyoogopa kuibiwa, na mimi niliogopa nikimwona hivyo.

Mnunuzi akaja na bisibisi yake. Alikuwa ameshaanza kulegeza skrubu za kichwa cha cherehani simu ilipolia. Nikaiwasha spika bila kuomba ruhusa.

"Dada, umefikia wapi? Wakubwa wananiuliza. Aisee, yule dereva wako ni mwanamume wa shoka!"

Wifi akanitazama. Yeye bado alikuwa anamtafutia mtu wa watu udhuru; akaninong'oneza, "Labda ulimi umeteleza." Kisha akaisogelea simu.

"Samahani, kaka. Na pale alipojifungua, ulipaonaje?"

"Aa! Pale alipojifungua zile kamba? Nywele zilinisimama! Nilisema huyu sasa atawaonyesha majambazi!"

Katika kitabu kile hakuna kamba, hata ya kiatu. Wala jambazi hakuna.

Wifi akakaa kwenye kigoda. "Sitalipa," akasema, kwa sauti ya kuombea maji.

Kule upande wa pili upole ukaisha. "Sikiliza, mama. Kitabu ninacho mimi. Kitambulisho chako ninacho. Lipa kabla ya jioni, au kitabu utakiona sokoni kwa jina la mtu mwingine."

Mnunuzi akasimamisha bisibisi. Nilijua wifi atalia, na atalipa. Mtu anayeogopa radi atafanya nini? Akaichukua simu mkononi mwangu. Akaishika kwa mikono miwili.

"Kitoe," akasema. "Lakini kisome kwanza, baba, usije ukaulizwa alijifungua nini."

Akakata. Akamwambia mnunuzi akaze skrubu zake na amsamehe kwa usumbufu. Kisha akavuta sare iliyokuwa imebaki bila kola na kuanza kushona. Simu ililia tena, ikalia tena, na kila ilipolia sindano ilikwenda upande. Nilitaka kuizima, akanizuia.

"Iache. Nikiizoea, nitaacha kuogopa."

Kola ile aliifumua mara nyingi kabla haijanyooka.