Shamba Lililopigwa Dawa

Mama alinionyesha ufizi wake jikoni kwetu Bumula, akiinua mdomo wa juu kwa kidole chenye unga. Kuzunguka kipandikizi, ile skrubu iliyofungwa ndani ya taya ili kubeba jino lake la bandia la mbele, nyama ilikuwa imevimba na kutoa usaha. Kabla ya jino hilo, kwa miaka mingi alicheka akijiziba kwa leso. Sasa alihofia kulipoteza, nami nilihofia zaidi, maana ni mimi niliyemshawishi aliweke.

Nilimpeleka Kitale, katika kliniki ya meno ninamofanyia mafunzo yangu ya uzamili. Msimamizi wangu aliniachia kazi. Nilisafisha, kisha nikapitisha mwanga wa leza taratibu chini ya ufizi.

"Huo mwanga unafanya nini?" aliuliza.

"Ni kama kupiga mahindi dawa ya viwavi, Mama. Unaua wadudu waliojificha."

"Basi nimeelewa. Ukishapiga dawa, huingii shambani mpaka iishe nguvu."

Nilikuwa nikijaza faili. Niliitikia kwa kichwa. Nimelirudia tendo hilo akilini mara nyingi mno: je, nilisikia maneno yake, au sauti tu? Hakuna jibu linalonisafisha. Karatasi ya maelekezo niliyompa ilisema apige mswaki laini mahali pale kila siku.

Alirudi baada ya wiki tatu. Utando mzito ulilifunika jino, na nilipoligusa lilicheza pamoja na skrubu yake.

"Mama, ulikuwa unapiga mswaki hapa?"

"Nipige vipi na kuna dawa? Si wewe ulikubali? Hata chai nilikuwa napitisha upande ule mwingine."

"Na karatasi?"

"Iko ndani ya Biblia. Karatasi ni ya mtu hana daktari nyumbani, baba."

Msimamizi alipima, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mfupa umeliwa kiasi cha kutotibika; labda ungeliwa hata kama angesafisha. Hiyo "labda" ndiyo ninayoishi nayo. Nilikifungua kipandikizi mwenyewe. Kilitoka bila kukataa.

Mama alinitazama nikikiweka kwenye sinia. "Hata shamba lenye dawa hukosa mavuno," alisema, akacheka kidogo, nadhani ili nisilie mbele ya watu. Mkono wake ulipanda na leso, ukafika mdomoni kabla kicheko hakijaisha.