Mkono wa Mama Kwenye Kichwa cha Babu

Nilikuwa darasa la pili, huko Masoko, na tayari nilijua kwamba mama na babu hawatazamani. Ndiyo mila yetu Wanyakyusa, mwanamke humkwepa baba mkwe wake. Akisikia kikohozi chake njiani, mama aliingia migombani akainama mpaka apite, hata akiwa na ndoo kichwani. Babu naye alikohoa makusudi, tangu mbali, ili asimshtue.

Siku moja hakukohoa. Mimi na mama tulimkuta ameanguka kifudifudi kwenye mfereji uliojaa maji ya mvua, mkono mmoja unapapasa, mwingine umelala tu. Mama akatua ndoo, akaangaza huku na huku, hakuna mtu. Akamshika kichwa, akakiinua.

Bibi alipofika, mdomo wa babu ulikuwa umeshapinda.

"Gwe, wewe! Unamkumbatia baba mkwe wako kama gunia la viazi?"

"Alikuwa anakufa maji, mama."

"Ungepiga kelele! Sasa hili haliishii kwake. Litaingia nyumbani kwako."

Na liliingia. Babu alikufa, na nilipokuwa kidato cha pili baba naye akaanguka vilevile, wala hakuwa mzee, wala mnywaji. Tangu hapo mama hakupewa tena sufuria apike misibani. Hakujitetea. Mimi, niseme ukweli, niliamini.

Sasa nina mtoto wa miezi saba. Tangu nijifungue kichwa kinanigonga upande mmoja, naona vimulimuli, mwezi uliopita kikombe kikanitoka mkononi hivihivi. Hospitali wakanipiga picha ya kichwa, daktari akauliza habari za baba, za babu, nikakumbuka babu alivyokuwa akijifunga kitambaa kichwani kwa maumivu. Akasema inaonekana ni ugonjwa wa mishipa midogo ya damu ya ubongo, inaharibika taratibu, nao unarithiwa. Na mtoto? Anaweza kuwa nao, anaweza asiwe nao.

Nikaenda moja kwa moja kwa mama, angalau yeye apumue. Nikamwambia haukuwa mkono wako, mama, ni damu yao.

Akampakata mwanangu, akamshika kichwa kwa mkono uleule.

"Basi afadhali ingekuwa mkono wangu," akasema.

Nimeliwaza sana neno hilo. Kosa lake lingezikwa naye, damu haizikwi. Naogopa mkono wangu usije ukalegea nimembeba mtoto, naogopa kweli. Lakini akilia, namwinua.