Tukingoja Pauni Isimame

Noti za zamani za pauni zina harufu yake: jasho, moshi wa mkaa na samaki mkavu, vyote vikiwa vimepikwa pamoja na jua. Juzi nilipita sokoni Jebel, mjini Juba, pale wabadilishaji pesa wanapokaa na mafurushi yao juu ya meza za plastiki, harufu hiyo ikanijia puani, nikajikuta nimesimama kando ya barabara, mtu mzima na machozi yangu. Ngoja niwaeleze, msije mkadhani nililia kwa kupenda pesa.

Mama aliuza chai na chapati karibu na bandari ya mtoni ya Juba, walipokula wachukuzi waliopakia mizigo kwenye matishari ya kwenda kaskazini. Tulitoka Gulu, Uganda, nikiwa na miaka minne. Naitwa Apiyo. Pacha wangu, Acen, alibaki kwa bibi, maana mama aliona hataweza watoto wawili na jiko moja la mkaa katika mji wa watu. Mpango ulikuwa mfupi: auze chai, anunue kiwanja kidogo Gulu, ajenge chumba, tukae sote watatu. Mwenye kiwanja alitaka shilingi za Uganda. Mama alilipwa pauni. Shida yetu yote ilikaa hapo katikati.

Siku za mwanzo pauni moja ilileta shilingi mamia, na mama alitembea bandarini kama mke wa waziri. Watu walimwita Mama Mapacha. Wachukuzi walimtania: huyo pacha wa pili yuko wapi, au ulihesabu kivuli? Mama alicheka, akawaongezea sukari. Kila Krismasi alinunua magauni mawili soko la Malakia, yote akinipima mimi, na moja akalituma Gulu kupitia kondakta wa basi. Wakati wa kupima la Acen nilijitahidi kusimama wima zaidi.

Kisha pauni ikaanza kuanguka. Mbadilishaji wetu, Lado, alikuwa kijana wa Juba aliyekulia kambi ya wakimbizi Kenya, na alizipenda sana chapati za mama. Siku moja alikuja mwenyewe hadi jikoni.

"Mama Mapacha, badilisha leo," alisema. "Hii pauni bado haijafika chini."

"Mimi nangoja kidogo, mwanangu. Kitu ikianguka, mwisho inasimama."

"Hii haina miguu, mama."

Mama hakubadilisha. Kubadilisha siku hiyo kulikuwa kukubali kwamba kiwanja kimekuwa nusu kiwanja. Mvumilivu hula mbivu, alisema, huku akikanda unga kwa nguvu isiyohitajika. Wiki iliyofuata alijuta, akawa anangoja irudi pale ilipokuwa siku Lado alipokuja. Haikurudi. Bei ya chai ilipanda, noti zikajaa kwenye gunia la unga chini ya kitanda hadi kitanda kikainuka upande mmoja, na mimi, mjinga wa watu, nilifurahi. Kadiri gunia lilivyonenepa niliona Acen anakaribia. Nilikuwa nimeshamchagulia upande wa kitanda wa ukutani, asije akaanguka.

Kwenye simu Acen aliuliza kila mara, "Mnakuja lini?"

"Reti ikitulia, mama," mama alimjibu kwa sauti ya kubembeleza, akimaanisha bei ya kubadilisha pauni.

Baadaye akaacha kuuliza. Mama alisema mtoto amekua, sasa ana akili.

Nilikuwa na miaka kumi bibi alipopiga simu kusema magoti yake hayampeleki tena shambani. Mama akampelekea Lado gunia zima. Lado alihesabu bila utani wowote. Shilingi alizotoa ziliingia kwenye bahasha moja, na hazikutosha hata kuanza mazungumzo na mwenye kiwanja.

"Malesh, mama," alisema, akimpa pole kwa Kiarabu cha Juba. Mama aliikunja bahasha, akamshukuru.

Tulipofika Gulu, Acen alitoka jikoni akiwa amenizidi kichwa kizima. Magauni yote yalikuwa yamemkataa tangu zamani. Bibi aliyagawa kwa majirani bila kutuambia. Acen alipiga magoti mbele ya mama, kama msichana aliyelelewa vizuri anavyowasalimu wageni, akaleta maji ya kunawa.

"Auntie," alimuuliza kwa adabu, "mnarudi Juba lini?"

Mama aliendelea kunawa mikono iliyokuwa safi. Sikuwahi kumwona akinawa muda mrefu vile.

Ilibidi nifikishe umri aliokuwa nao mama wakati ule ndipo nikaifanya hesabu aliyoikwepa. Nauli ya basi alikuwa nayo. Hata pauni ilipogeuka takataka, chai ya wiki chache ingetufikisha Gulu na kuturudisha. Mama aliona haya kumtokea mwanawe bila kiwanja, haya hiyo akaiita reti, nami nikaichukia reti miaka yote hiyo. Simlaumu. Inaniuma tu. Mkono mtupu haulambwi, wanasema watu wazima, na mama aliamini hivyo kwa moyo wake wote. Bibi aliniambia kwamba Acen, akiwa na miaka sita, alikuwa akienda barabarani kila jioni kutazama watu wanaoshuka kwenye basi la Juba. Yeye angeulamba.