Neno Nililolibandika Nyuma ya Lori la Hajati

Mpaka leo nikipita kwenye foleni ya malori pale mpakani Tunduma sisomi mgongoni mwa lori lolote, naangalia chini tu, na mkitaka kucheka chekeni, maana aibu hii niliitengeneza mwenyewe, nimekaa, nimeshiba chai, sina hata homa ya kusingizia.

Hajati Mwanaidi, yule mama wa Kitanga mwenye malori manne ya kwenda Zambia, alinipa kazi ya kumtengenezea tovuti (nilikuwa na chumba cha intaneti karibu na stendi na nilijiona mtaalamu wa nchi mbili), nikaimaliza vizuri, halafu sifa zikanizidi, nikapachika kisanduku cha kutafutia nilichokichukua bure mtandaoni, nikakijaribu kwa neno la kwanza lililonijia: mkweche. Kwa nini mkweche? Kwa sababu lori lake la bluu lilikuwa linapita dirishani likikohoa, basi.

Sikujua kwamba kisanduku kile kina tabia ya kugandisha mkia kwenye anwani ya tovuti: alama ya reli, herufi zisizoeleweka, na mwishoni kabisa lile neno ulilotafuta. Hajati alipotaka anwani ichorwe nyuma ya lori, nikainakili yote kama ilivyo, nikachapa bila kusoma, nikampelekea fundi Nzowa, mchoraji wa maandishi ya malori, ambaye ana sheria yake: "Mimi sisomi, nachora. Nikianza kusoma nitaanza kusahihisha, na namba ya simu ya mtu ikikosewa tarakimu moja tu nimemuua." Akauchora mkia wote kwa rangi ya njano, nyuma ya lile lile lori la bluu, na herufi zilikuwa nzuri kupita kiasi.

Sasa ile foleni, dereva anaweza kukaa siku mbili akitazama mgongo wa lori la mbele yake. Bwana Mulenga wa Ndola, aliyekuwa anatafuta mtu wa kumbebea saruji msimu mzima, alinakili anwani ile herufi kwa herufi, na alipokutana na Hajati, Hajati kwa fahari zote akamleta chumbani kwangu aione tovuti. Mgeni akakunjua karatasi yake, akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja. Nikaona na mkia nao unaingia.

"Ba Hajati," akauliza kwa ile heshima ya kwao Zambia, "hii mkweche ni jina ya kampuni?"

Hajati alinitazama mara moja tu. Kazi ya msimu mzima ilikuwa inaning'inia pale mbele yetu. Ukurasa ukafunguka: Umetafuta mkweche. Hakuna kilichopatikana.

"Hapana, Bwana Mulenga," akasema, hata mtandio haukutikisika, "mkweche ni gari bovu. Tunataka mteja atafute mwenyewe kama tunalo. Jibu si umeliona?"

Bwana Mulenga alicheka mpaka akajifuta macho, wakapeana mikono, saruji ikawa yetu. Jamani, yule mama! Hata leo sijui alilitoa wapi jibu lile.

Mgeni alipoondoka akageuka. "Elia, mwanangu, lile neno uliandika wewe?"

Nikakiri, nikisubiri kufukuzwa.

"Lori la bluu ni mkweche kweli," akasema polepole. "Marehemu mume wangu aliliendesha mpaka alipougua, na ndilo limesomesha wanangu watatu. Siku nyingine ukitaka kulisema, njoo uniambie mimi, usiliandikie mgongoni."

Machozi yalinilenga, nisiwadanganye.

Mchana ule ule nikakihamishia kisanduku kwenye ukurasa wake peke yake, nikaingia kwenye mipangilio nikakizuia kisiandike chochote kwenye anwani, nikafungua kurasa zote moja moja, mkia haupo. Kisha nikachukua msasa nikaenda foleni kukwangua ile njano mwenyewe, madereva wakinishangilia, fundi Nzowa kasimama pembeni akizisikitikia herufi zake.

Siku hizi nikijaribu kisanduku chochote cha kutafutia, naandika jina langu. Likiganda mahali, acha watu wa Ndola waulize Elia ni kitu gani.